Sekunde Ishirini Mbele ya Mzee Odell

Kwa wakwe zangu pale Bessemer, Alabama, siku Kijani, timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, wanacheza na Njano salamu huwa hamna. Unaingia, unakaguliwa nguo.

"Huyu kavaa kijivu," Lamar akasema, hata mlango sijafunga. Lamar ni kaka wa mke wangu, Verna. Darasa la chuo hajawahi kulichungulia hata dirishani, lakini yeye kijani mpaka soksi. "Baba, mkweo kaja na nguo za msibani."

"Mimi mtazamaji tu, shemeji."

"Miaka mitatu umekalia viti vya chuo chetu, digrii hukuchukua. Na ushabiki nao ulikushinda?"

Sebule nzima ikacheka. Verna akanifinya mkono. Nyumbani kabla hatujatoka alikuwa ameniapisha: leo hakuna mizaha. Mama yao alifariki Machi, na kiti chake uwanjani, kile cha pembeni ya mzee Odell, baba yao, kilikuwa hakijapata mtu. Viti vile familia zinarithishana. Leo Kijani wako ugenini, tunawaangalia kwenye televisheni, na mzee alisema atamtaja mrithi mechi ikiisha. Verna alikitaka mpaka wiki nzima chakula hakikumpita kooni. Lamar naye alikitaka.

Niliapa. Shida ni kwamba redio ndogo ilikuwa tayari mfukoni, waya wake umepita chini ya kofia mpaka sikioni. Televisheni ya mzee inatumia intaneti, inachelewa sekunde ishirini hivi nyuma ya redio. Sasa mtu kama mimi, ukimpa sekunde ishirini, unategemea nini?

Nikakaa juu ya boksi la barafu lenye soda, mkononi sahani ya bata mzinga aliyebaki sikukuu ya Shukrani ya Alhamisi. "Huyu namba nane atauangusha mpira," nikasema.

Akauangusha.

"Funga mdomo, mchawi," Lamar akanijia juu.

"Sasa Njano wanarusha mbali, halafu tunaudaka sisi."

Tukaudaka. Mzee Odell, miaka sabini na tatu, akaruka kwenye kochi, chai ya barafu ikamwagika mpaka kwenye viatu. "Umejuaje?"

"Nimehisi tu, mzee."

"Hisi tena!"

"Anabahatisha huyo," Lamar akasema.

"Basi bahatisha na wewe!"

Lamar akabahatisha mara tatu, akachemka mara tatu. Raha ile sikuwahi kuipata darasani. Mzee akapiga marufuku mimi kuinuka pale juu ya boksi, nisije nikavuruga bahati. Wenye kiu wakabaki na kiu yao, soda zote nimezikalia mimi, na kila mtu ananiangalia kama mdudu kwenye mboga.

Zikabaki sekunde tatu. Kijani wako nyuma kwa alama mbili. Mpigaji wetu akaingia: mpira ukipita katikati ya nguzo, tunapata tatu, tumeshinda. Wote wakasimama wakashikana mikono. Hata mimi wa kijivu niliutaka uingie.

Sikioni mtangazaji akapiga ukelele, kisha akakata. "Nje. Kulia. Mechi imekwisha."

Kwenye televisheni mpigaji ndiyo kwanza anahesabu hatua. Nimeumia peke yangu, chumba kizima bado kinaomba Mungu.

"Wendell," mzee akaniita bila kugeuka. "Mpira unaingia?"

"Sijui, mzee."

"Mchana kutwa unajua, saa hizi ndiyo hujui?" Lamar akafoka. "Sema!"

Verna akanitazama. Nikashindwa kumdanganya mzee.

"Unatoka kulia."

Ukatoka kulia.

Halafu Lamar akanikunja kola. "Kautoa yeye! Mmemsikia? Kautoa kwa mdomo wake!" Shangazi mmoja akasema nitupwe nje na sahani yangu.

Nikaona heri niitwe tapeli kuliko mkosi. Nikavua kofia. "Ni redio! Mpira ulishatoka kabla sijasema!"

Mzee Odell akautazama ule waya, akautazama tena.

"Kwa hiyo nilipomwaga chai," akasema taratibu, "ulikuwa unanicheka."

"Ulikuwa utani tu, mzee..."

"Marehemu mke wangu Ernestine alikuwa anaanza kulia mpira haujapigwa. Miaka arobaini na moja, kila mechi. Wewe umekaa hapa unatuangalia kama vile sisi kuku." Akamgeukia mwanawe. "Lamar, kiti chako. Mjinga wewe, lakini angalau ulikuwa hujui kitu, kama sisi."

"Baba," Verna akasema.

"Nimeshasema."

Verna akachukua funguo, akatoka. Nikamkuta amewasha gari.

"Hiyo redio ulitoka nayo nyumbani?"

"Ndiyo."

"Wakati unaniapia, ilikuwa mfukoni?"

"Ilikuwa mfukoni."

Akafungua mlango wa nyuma kutokea ndani, bila kuniangalia.

"Panda huko. Na usifungue mdomo mpaka tufike."