Mstari Kwenye Mguu wa Nyasuguta

Kambare aliyemchoma Nyasuguta alikuwa amekwisha kufa. Wavuvi walimwacha topeni kando ya ziwa. Nyasuguta, aliyetoka Migori kuleta sare za kwaya alizoshona kwa ajili ya makambi ya kanisa lao huko Homa Bay, alivua viatu anawe miguu. Mwiba ukamwingia chini ya kifundo. Akauchomoa, akacheka na wenzake, akaenda kuimba. Makambi hayakuwa yamekwisha alipolazwa hospitalini, mguu wa kulia umevimba na kuwaka wekundu hadi nusu ya muundi, homa ikimtetemesha kama mashine ya kusaga unga.

Mguu huo ndio ulioendesha cherehani, na cherehani ndiyo iliyosomesha watoto wake wote. Kwa hiyo Daktari Lynnet alipotaja kukata, Nyasuguta hakuuliza habari ya kutembea.

"Na pedali nitakanyaga na nini?"

"Si ununue ya umeme, dada?" alisema Bitutu, mdogo wake aliyekuja kumuuguza.

"Stima ikipotea katikati ya suruali, mteja avae mguu mmoja? Au nimshonee ya kufanana na mimi?"

Bitutu alicheka, kisha akajishika mdomo, machozi yakimlengalenga, akatoka nje kuyafuta.

Daktari alitoa kalamu ya wino mweusi, akazungusha mstari mahali wekundu ulipoishia. "Bakteria wako ndani, na dawa inaingia kwa dripu," alisema. "Jioni nitarudi. Wekundu ukibaki ndani ya mstari, tunangoja. Ukiruka nje, mama, asubuhi tunakata kabla haujapanda."

Ilikuwa Ijumaa. Nyumbani kwao, Ijumaa kabla jua halijazama kila kitu husuguliwa: sufuria, viatu, watoto. Sabato haipokelewi kwa uchafu. Mchana Nyasuguta alipopitiwa na usingizi, Bitutu alileta karai la maji ya vuguvugu na sabuni. Alimwosha dada yake uso, mikono, mguu mzima. Alipofika kwenye mguu mgonjwa aliona alama nyeusi ya wino. Akaisugua taratibu, kwa upendo wote, mpaka ngozi ikatakata.

Daktari aliporudi, alifunua shuka, akautafuta mstari.

"Mstari wangu uko wapi?"

"Nimeutoa, daktari," Bitutu alijibu kwa fahari. "Sabato inaingia."

"Wuololo! Mama, huo haukuwa uchafu! Huo ndio ulikuwa jicho langu!"

Nyasuguta aliamka kwa kelele hizo. Alipoelewa, aliukodolea mguu macho. Wekundu ulikuwa umesogea au haukusogea? Hakuna aliyeweza kusema. Alimwona daktari akiutazama mguu kama mtu anayepima pa kupitisha mkasi, na macho hayo aliyajua, kwa kuwa ni yake mwenyewe mbele ya kitambaa.

Daktari alibonyeza karibu na jeraha. Ngozi ikapasuka, usaha mzito wa manjano ukatiririka.

"Umeoza!" Bitutu alilia. "Mguu wa dada umeoza!"

"Haujaoza," alisema daktari, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sauti yake ilikuwa nyepesi. "Ningeogopa zaidi kama ungekuwa mkavu. Usaha huu umekusanyika mahali pamoja."

Alipokuwa akiukamua na kuusafisha, alieleza. Usaha ule ulikuwa maiti za askari wa mwili, zile chembe nyeupe za damu. Chembe humeza bakteria. Lakini bakteria wengine ni wajanja, wakishamezwa hujificha humo humo na kuzaana. Hapo chembe ikihisi ina adui tumboni, hutii amri iliyo ndani yake tangu kuumbwa: hujiua. Nyingine hufa kimyakimya, zikiwa zimemfungia adui ndani, na jirani zake huzimeza pamoja naye. Nyingine hujitoboa ukuta, zikapasuka, zikamtupa adui nje peupe, na kile kinachomwagika huwa kama mbiu ya kuwaita wenzao.

"Kwa hiyo hazikushindwa?" Nyasuguta aliuliza.

"Nyingi zimekufa kwa kupenda, mama. Adui amekosa nyumba."

Nyasuguta aliukumbuka moto uliowahi kula safu ya mafundi cherehani kule Migori. Maji hayakuwepo. Yeye alishika shoka, akakibomoa kibanda chake mwenyewe, mabati na nguzo, kikiwa hakijaguswa hata na cheche. Watu walimwita mwendawazimu. Moto ulifika kwenye lile pengo ukakosa cha kula, na vibanda vyote vya upande wa pili vikapona.

"Kumbe zimebomoa vibanda vyao," alisema. Akajiinua kwa viwiko. "Daktari, chora tena. Watu wangu wanapigana humo, nawe unataka kuwakatia uwanja?"

Daktari alimpima homa. Ilikuwa imeshuka kidogo. Alifikiri, akachora mstari mpya, mnene kuliko wa kwanza. "Mpaka asubuhi. Ukivuka, hakuna ubishi."

"Hakuna ubishi," alisema Nyasuguta. "Bitutu, ukiugusa huu nitakushonea mikono kwenye godoro."

Asubuhi ya Sabato, Bitutu alifumba macho daktari alipofunua shuka. Nyasuguta hakufumba. Mstari ulikuwa palepale. Wekundu ulikuwa umerudi nyuma pande zote, na kati ya wekundu na wino palilala ngozi yake mwenyewe, ya kahawia, yenye mikunjo kama kitambaa kilichofuliwa. Akaweka vidole vyake pale. Viwili vilienea.

"Pindo zuri kabisa," alisema, kisha akamshukuru kwa Kijaluo: "Erokamano, daktari."

"Mbuya mono," daktari alimjibu kwa Kigusii, akicheka, na kalamu akairudisha mfukoni.

Bitutu alianzisha wimbo wa sifa, wodi nzima ikaitikia, Wasabato kwa Wakatoliki. Chini ya shuka, mguu wa kulia wa Nyasuguta ulikuwa ukipanda na kushuka, unauma, unapanda na kushuka, ukikanyaga pedali isiyokuwepo.