Mgongo wa Jama

Ukutani mwa ofisi ya Khalif, pale chuoni, palikuwa na mchoro wa mwanamume aliye uchi, mrefu kama mtu mzima, uliojaa pini nyekundu. Kila pini ilikuwa jeraha. Khalif alizichomeka mwenyewe kwa muda wa miaka sita, akizisoma tenzi za kale za Wayunani ubeti baada ya ubeti: hapa mkuki uliingia chini ya titi, hapa upanga ulipasua bega, hapa jiwe lilivunja nyonga. Ungemwamsha usingizini ukamtajia shujaa yeyote, naye angekueleza aliumia wapi na chuma kilitokea wapi. Alikuwa amesimama mbele ya mchoro huohuo, Jumatatu asubuhi, simu sikioni, sauti ya mwanamke ilipomuuliza kwa upole:

"Baba yako ana kovu lolote mwilini? Alama ya kuzaliwa, chale, kitu chochote?"

Khalif akafikiri. Aliona shati jeupe lililofungwa vifungo hadi kooni, kofia, ndevu zilizopakwa hina. Zaidi ya hapo hakuona kitu.

"Hana," akajibu.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mwanamke akashusha pumzi. Katika chumba chao cha maiti walikuwa na mwili mmoja, alisema, wa mzee wa Kiafrika aliyeanguka katika kituo cha basi siku ya Alhamisi, hana kitambulisho wala simu. Lakini huyo alikuwa na kovu kubwa, kwa hiyo hakuwa yeye. Wangempigia wakipata habari. Khalif akashukuru, na Mungu amsamehe, alifurahi.

Aliyemtia wasiwasi hata akapiga simu hiyo ni Mzee Harbhajan, Singasinga mzaliwa wa Nakuru. Huyo na Jama, babake Khalif, walifanya kazi pamoja miaka mingi huku ughaibuni, na hata baada ya kustaafu walikutana kila Ijumaa kwa chai katika mkahawa wa Alum Rock Road. Walizungumza Kiswahili, maana ndiyo lugha ambayo kila mmoja alikuwa ameitumia ujanani mwake. Ijumaa hiyo Jama hakutokea. Jumamosi na Jumapili Harbhajan alikwenda Saltley kumgongea mlango, na Jumatatu akampigia mwana. Mwana mwenyewe, anayekaa mji uleule, alikuwa hajamwona babake tangu Idi.

Hawakugombana. Laiti wangegombana, lingekuwapo la kusuluhisha. Khalif alikuwa akimwonea babake haya tu, haya ya mtu aliyepanda ngazi akasahau nani aliishikilia. Mara moja Jama alikuja chuoni kumsikiliza akitoa mhadhara. Alikuja moja kwa moja kutoka ghalani Washwood Heath, alikofanya kazi wakati huo, na koti lake la kazi la manjano, akakaa kiti cha nyuma kabisa. Khalif alizungumza saa nzima kuhusu mwili katika tenzi hizo: jinsi magoti yanavyolegea roho inapotoka, jinsi wapiganaji wanavyokufa kumi wakigombea maiti mmoja ili aoshwe kwa maji ya moto, apakwe mafuta, asiachiwe mbwa na ndege. Watu walipiga makofi. Baadaye, wenzake walipomzunguka, hakumtambulisha mzee yule wa koti la manjano kwa yeyote. Walipofika kituo cha basi, wao wawili tu, Jama aliuliza swali moja tu.

"Hao watu wako wanapigana siku nzima kwa sababu ya maiti?"

"Ndiyo, Aabo."

"Basi wana adabu," Jama akasema, na basi likaja.

Jumatano asubuhi Mzee Harbhajan alifika ofisini mwenyewe, kilemba cha buluu kichwani, koti limelowa, akihema kwa ngazi. Khalif alimvutia kiti. Hakukaa.

"Wamekwambiaje, kijana?"

"Wako na mzee mmoja, Anko, lakini si yeye. I checked. Huyo ana kovu."

"Kovu iko wapi?"

"Sikuuliza."

"Hukuuliza." Mzee alirudia polepole. "Na wewe uliwaambia baba yako hana?"

"Hana, Anko. Nimeishi naye nyumba moja miaka kumi na minane."

Harbhajan aligeuka. Aliutazama mchoro wa ukutani, kisha akausogelea, akainua ukingo wa karatasi achungulie nyuma yake. Kulikuwa na ukuta tu.

"Huyu mtu yako hana mgongo?"

Khalif akaeleza, kwa sauti ileile ya mhadhara, kwamba katika tenzi hizo jeraha la heshima huwa la mbele. La mgongoni ni la aliyekimbia. Upande wa nyuma angeuchora baadaye.

"Jama hakukimbia," Harbhajan akasema. "Elfu mbili na nne, kiwanda ya vyuma, hapo Saltley. Chuma ya moto ilimwagika. Mimi nimeanguka chini, siwezi kuinuka. Yeye akanilalia, mgongo juu. Shati yake nilikata mimi na makasi, na ngozi ikakuja nayo. Kutoka bega mpaka kiuno, kijana. Miezi miwili alilala kwa tumbo. Wewe ulikuwa wapi?"

Khalif alikuwa chumba cha juu, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, akisoma. Aliambiwa baba anaumwa mgongo, akaridhika. Mama yake, Mungu amrehemu, alipanda na kushuka na beseni na vitambaa, na mlango ulifungwa kila mara nyuma yake. Katika nyumba ile mwili wa mzazi ulikuwa sitara. Mtoto hakuutazama, na hakuna aliyemfundisha kwamba ipo siku atatakiwa aujue. Hata joto la Julai lilipowatesa, Jama hakuvua shati mbele ya wanawe. Khalif angeweza kujitetea kwa hayo yote, na yote ni kweli, lakini hakujitetea.

Alipiga simu pale pale, Harbhajan amesimama karibu yake. Mwanamke yule yule alipokea. Ndiyo, kovu lilikuwa mgongoni. Ndiyo, la kuungua. Kwa watu ambao siku moja tu ya kumchelewesha maiti huwatia simanzi, Jama alikuwa amelala jokofuni siku sita bila jina, na mbili kati ya hizo alizipata kwa ulimi wa mwanawe.

Waliruhusiwa kumchukua Ijumaa. Chumba cha kuoshea maiti kilikuwa nyuma ya msikiti, kina vigae vyeupe na harufu ya karafuu maiti. Ustadhi Ridwan, mwoshaji, alimpa Khalif glovu na aproni.

"Mwana ndiye mwenye haki ya kwanza," alisema. "Ukishindwa, sema, hakuna atakayekulaumu. Na jambo moja, ndugu yangu. Utakachokiona humu hukisemi nje. Hiyo ni amana."

Khalif alitikisa kichwa kukubali. Miaka sita alikuwa amekula mkate kwa kuyahesabu majeraha ya watu mbele ya hadhara. Alivua glovu moja, akatia kiwiko chake ndani ya ndoo. Maji yalikuwa baridi. Akamwomba Ridwan asubiri, akaongeza ya birika, akapima tena, akaongeza tena, hadi yakawa vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga.

Waliosha kichwa na ndevu, kisha upande wa kulia. Halafu wakamlaza kwa ubavu, sitara ikiwa mahali pake, na mgongo ukamjia Khalif usoni. Hakuwa na pini ya kuchomeka. Alimimina maji juu ya bega na kuyafuata kwa kiganja kitupu, polepole, kwenye ngozi iliyokunjamana, hadi kiunoni. Njia ilikuwa ndefu. Alirudia mara tatu kama ilivyoamriwa, na alipotaka kurudia mara ya nne Ridwan akamshika mkono kwa upole.

Nje, Harbhajan alikuwa ameketi kwenye benchi la plastiki, mikono juu ya magoti. Alipomwona akajaribu kusimama, akashindwa. Khalif akaketi kando yake.

"Umeiona?" mzee akauliza.

Khalif akanyamaza. Harbhajan akamtazama kwa muda, akaelewa, hakuuliza tena. Ndani, mtu alikuwa akipasua vipande vya sanda.

"Hapo mgongoni baridi ilikuwa inamsumbua sana," mzee akasema mwishowe. "Kila winter analia na hiyo. Maji ilikuwa ya moto?"

"Ya moto, Anko," Khalif akajibu. "Niliyapima mwenyewe."