Nishani Katika Chungu cha Chokaa

Mume wangu, Saw Wah Dee, alikuwa sajini katika jeshi la Waingereza kabla Wajapani hawajaingia Burma. Nishani yake ya fedha aliipata mpakani kaskazini, alipombeba mgongoni mwenzake aliyepigwa risasi, siku mbili nzima. Mbele ilikuwa na kichwa cha mfalme. Pembeni walichonga jina la Wah Dee na namba yake.

Wajapani walipofika milimani kwetu, sisi Wakareni wenye watu jeshini tuliogopa hata kuitana majina. Kijiji cha ng'ambo walimkuta mtu na mkanda tu wa jeshi, hakurudi. Basi mume wangu akajiita Pa Ler, mkulima, na mimi nikaizamisha nishani katika chungu cha chokaa ya tambuu. Ardhi walikuwa wakiichoma kwa singe kutafuta bunduki, lakini nani angetia mkono kwenye chokaa?

Nilisahau kwamba kwetu mgeni hakai bila kupewa tambuu.

Walikuja asubuhi, tumetoka tu kusali: askari sita, afisa wao, na mkalimani Mburma, Ko Ba Nyunt. Walipanda ngazi na viatu vyao. Mume wangu akasimama.

"Mkulima gani huyu anasimama kama mlingoti?" akauliza mkalimani.

Mama mkwe wangu, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akacheka. "Alianguka mtini utotoni, baba. Mgongo haupindi. Tukipanda mpunga ananitia aibu!"

Kisha, kwa mazoea ya miaka yake yote, akasukuma mbele kijaluba cha tambuu na kile chungu. Hakujua nilichoficha. Sikumwambia, maana ulimi wake haukuwa na mlango.

"Tafuna, baba. Umetoka mbali."

Ko Ba Nyunt akachukua jani, akatia kijiti chunguni. Chokaa ya juu ilikuwa imekauka, akachimba chini.

Tik.

Akachimba tena, taratibu, na kwenye ncha ya kijiti nikaona ukingo wa fedha. Nikasema moyoni, Bwana, nichukue mimi, mwache huyu.

Afisa akauliza kitu kwa lugha yao. Mkalimani akanitazama mimi, akatazama mgongo wa mume wangu, akajibu maneno mawili matatu. Afisa akacheka. Ko Ba Nyunt akaizamisha ile fedha kwa kijiti, akapaka jani lake, akatafuna.

Walipokuwa wanashuka, alibaki nyuma kutema.

"Mama," akamwambia mkwe wangu, huku akinitazama mimi, "chokaa yako ina mawe. Kesho anakuja afisa mwingine, na mkalimani wake hatafuni tambuu."

Kabla ya adhuhuri mume wangu alikuwa msituni. Aliniambia neno moja tu: "Usiitupe."

Niliitoa. Utepe wake wa kuvalia ulikuwa umeliwa wote na chokaa, vidole vikaniungua, lakini jina lilisomeka kama jana. Nikachukua jiwe la kunolea mapanga, nikasugua pembeni tangu mchana mpaka kuku walipopanda kulala. Wah Dee aliondoka herufi moja moja. Nilisugua huku nalia, kwa sababu nilikuwa kama ninayemzika. Kisha nikaifunga kwenye mkufu wa mkwe wangu, katikati ya rupia zake za zamani, nazo zina kichwa cha mfalme. Mfalme na mfalme, ila huyu mkubwa kidogo.

"Umenipa nini hiki kizito?" akauliza.

"Mwanao, mama. Leo nakuomba usiseme."

Kesho yake walikuja wale wengine, wakapindua vikapu, wakamwaga chokaa yote sakafuni. Afisa akainua ule mkufu kwa ncha ya singe, akahesabu wafalme kwa macho. Mkwe wangu alitulia kama mtoto kanisani. Singe ikashuka.

Vita vilipokwisha Wah Dee alirudi, amekonda, ndevu hadi kifuani. Akaenda na nishani mjini kuomba malipo yake ya usajini. Karani akaizungusha atazame ukingo, akaona ni laini, hauna jina, akamrudishia asimpe kitu.

Nilingoja anigombeze. Aliketi, akapapasa ule ukingo kwa kidole gumba.

"Umenifuta, Naw Mu," alisema. "Ndiyo maana nipo."

Alikufa kitandani mwake, miaka kumi na minne baadaye. Nishani ninayo. Mgeni akija nampa tambuu, lakini chokaa nampakia mwenyewe.