Tangi Lililokoroma

Tangi lile lilikuwa linakoroma. Si kwamba lilikuwa na sauti kidogo, la. Lilikoroma kama mzee aliyelala chali baada ya kushiba. Glu-glu-glu, kisha kimya, ukadhani limeamka, kisha glu-glu-glu tena, na chini yake maji yakianguka chururu, chururu, asubuhi mpaka asubuhi.

Mama alikuwa na wiki ya tatu katika nyumba ya binti yake, na hajapata usingizi wa kueleweka hata siku moja. Ungekuwa wewe labda ungezoea, lakini si kila mtu ana masikio ya Mama. Miaka ishirini na mbili alikuwa msimamizi wa bomba la maji la mtaa, yeye na ufunguo wake na kiti chake, akiwafungulia watu na kuwafungia. Ndoo ikibakiza vidole viwili kujaa alijua kwa sauti, hata akiwa amegeuka anabishana na mtu wa nyuma kwenye foleni. Bomba likivuta hewa alijua. Sasa mtu wa namna hiyo umlaze chumba kinachopakana na maji yanayomwagika mchana kutwa na usiku kucha! Kila akifumba macho, mwili unamwambia: inuka, maji yanapotea.

Hayakuwa yanapotea, na alilijua hilo. Mkwe wake, mume wa binti yake, alikuwa fundi wa vioo, na tangi lile la samaki, la vioo vitupu, alilijenga mwenyewe. Mtu mzima angelala humo akanyoosha miguu. Siku ya kwanza alimweleza kwa heshima zote, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Maji ya juu, Mama, yanashuka kwa bomba hili la pembeni. Yanaingia kwenye tangi dogo humu ndani ya kabati, yanachujwa, halafu pampu inayarudisha juu. Hakuna hata tone linalopotea."

"Hongera, baba," Mama akasema. "Hii kazi nzuri sana."

Hapo ndipo alipojifunga mwenyewe. Ukishamsifu mkwe kwa kazi ya mikono yake, utaanzia wapi kumwambia kwamba inakuua?

Basi wakawa wanakaa hivyo, heshima juu ya heshima. Asubuhi mkwe anauliza, "Shikamoo, Mama. Umelala vizuri?" Mama anajibu, "Marahaba, baba, vizuri mno. Na wewe?" "Vizuri, Mama." Kisha kila mmoja anapiga mwayo akiangalia upande wake. Binti tu ndiye aliyekuwa na macho.

"Mama, mbona macho mekundu?"

"Vitunguu hivyo."

"Vitunguu? Nyumba hii haijaona kitunguu tangu Jumapili."

Mama alikuwa ameshaamua moyoni. Jumamosi ataaga, aseme amewakumbuka majirani, arudi kwenye chumba chake cha kupanga. Na chumba chenyewe alikiogopa, ingawa hakumwambia mtu. Mwaka uliopita aliteleza mle ndani, akalala sakafuni tangu alfajiri mpaka alasiri, nyonga imekataa, mpaka jirani alipokuja kuazima chumvi. Ndiyo maana binti alimchukua. Kurudi kule ni kurudi kwenye sakafu ile ile. Lakini angalau pale atalala.

Alhamisi mchana wenye nyumba walikuwa kazini. Mama alijilaza kwenye kochi la sebuleni, akaweka mto juu ya kichwa. Glu-glu-glu. Akaweka mto wa pili. Chururu. Mwishowe miguu ilimwinua yenyewe. Akafungua kabati, akainama, akaiona koki kwenye bomba linaloshuka, ina kishikio chekundu, kama inayomwita.

"Dakika tano tu," akaiambia.

Akaizungusha robo, kukoroma kukapungua. Akafika nusu, glu-glu ikakatika kabisa. Angeishia hapo yote yangekuwa heri. Lakini mkono wa miaka ishirini na mbili hauachi koki nusu. Aliifunga mpaka mwisho, kwa nguvu, akaikazia na ile ya ziada ya wateja wakorofi. Kimya kikajaa sebule nzima. Mama akarudi kwenye kochi, na kabla hajavuta kitambaa miguuni alishapotea.

Kilichomwamsha ni pwaa! ya kitu kizito kuanguka zuliani. Pampu, masikini, haikujua kwamba njia ya kushukia imefungwa. Iliendelea kupandisha maji juu mpaka yakafika ukingoni, yakamwagika, na katika mmwagiko huo samaki mkubwa wa nyumba akaruka nje. Lilikuwa lisamaki la rangi ya chungwa lenye nundu kichwani. Binti alilipa jina la Mwenyekiti, kwa sababu lilikaa mbele siku nzima likifungua na kufunga mdomo bila kuamua lolote.

"Yesu na Maria na wote mlio huko!" Mama akalia. Akavua kitambaa cha kichwa, akakichovya kwenye maji ya sakafuni, akamvika Mwenyekiti kama mtoto mchanga, akamnyanyua na kumtumbukiza. Samaki akazama upande upande. Mama akasimama ameshika kioo, hapumui. Polepole mkia ukachezacheza, samaki akanyooka, akaja mbele, akafungua mdomo.

"Usiniambie kitu," Mama akamwambia, machozi yakimtoka. Akafungua koki. Glu-glu-glu ikarudi.

Alikuwa amepiga magoti anakausha zulia kwa taulo mkwe alipofungua mlango.

"Shikamoo, Ma..."

"Marahaba, baba. Vua viatu, kuna maji."

Angeweza kusema koki imejikaza yenyewe. Neno lilikuwa ulimini tayari. Lakini alimwangalia yule kijana alivyosimama na soksi zake zinalowa, haulizi kitu kwa heshima, akaona heshima hii itatuua sote.

"Nimeifunga mimi. Samaki wako nusura nimuue. Baba, tangi lako linakoroma. Wiki tatu sijalala. Nimeshindwa kukuambia, na Jumamosi narudi kwangu."

Mkwe akakaa chini, pale pale kwenye zulia la maji. Akashika kichwa. Mama akajua amemvunja moyo. Kumbe mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Mama, mimi miezi minane silali! Nilishamtambia mke wangu kwamba sauti ya maji inatuliza mtu. Ningerudije nyuma?"

"Miezi minane!"

"Na Mama usiende. Mwenye kosa ni mimi, tangi wazi bila mfuniko, na mimi ndiye fundi wa vioo. Nitaling'oa kesho."

"Uling'oe kwa nini?" Mama alishasahau aibu, sasa alikuwa kazini. "Bomba lako linakunywa hewa, ndiyo maana linacheua. Mimi nilipofika nusu lilinyamaza, kabla sijaharibu. Linataka kujaa maji matupu, bila hewa. Lete kigoda."

Kikaletwa. Mama akakaa mbele ya kabati, sikio kwenye bomba, macho amefumba. Mkwe akashika koki kwa mkono mmoja, huku akichungulia maji ya juu yasipande.

"Funga. Funga tena. Polepole, hufungi chupa ya soda! Acha. Rudisha unywele mmoja. Nimesema unywele, hiyo ni kamba. Haya... hapo. Toa mkono."

Bomba likacheua mara moja, kama limemaliza kula, likanyamaza. Wakatazamana. Maji ya juu yalitulia pale pale.

Binti aliporudi aliwakuta wote wawili wamelala kifudifudi, vichwa ndani ya kabati.

"Jamani, kuna nini?" Kisha akatoa pamba aliyozoea kuitia masikioni kila akifika mlangoni, moja, na ya pili. "Mbona kimya?"

"Wewe unalala na pamba?" mumewe akashangaa.

"Tangu mwezi wa kwanza. Ulidhani nakunyamazia nikiwa nimenuna?"

Ijumaa mkwe aliomba ruhusa kazini. Bomba lile la kushuka akaliongezea kipande, mdomo wake ukazama vidole viwili ndani ya maji ya tangi dogo, na chururu ikafa. Pampu nayo ilikuwa inanguruma kwa chini, kwa sababu imekaa moja kwa moja juu ya kioo. Mama akavua ndara moja, ikakatwa soli, pampu ikawekwa juu yake. Kisha mkwe akaongeza bomba la pili la kushukia, mdomo wake wa juu umenyanyuka kidogo kuliko wa lile la kwanza, ili la kwanza likiziba maji yapate njia.

"Hili ni kwa ajili ya siku ambayo mama mkwe atapita karibu na koki," akasema.

Ulikuwa utani wake wa kwanza kwake. Mama akampiga begani kwa ndara iliyobaki.

Jumamosi asubuhi vikaja vifuniko, vioo vinne vilivyosuguliwa kingo, kila kimoja na kishikio, vya kulala juu ya vipande vya aluminiamu. Vitatu vikakaa sawasawa. Cha nne kikatumbukia.

"Fundi wa vioo wa mtaa mzima," binti akasema.

"Nilipima huku nacheka," mumewe akajitetea, akaenda kukata kingine.

"Na hewa je?" Mama akauliza kilipoletwa.

"Nimeacha upenyo nyuma, Mama. Kidole kimoja. Mwenyekiti hapiti hata afunge wiki nzima."

Mama akakaa kwenye kochi asikilize kama kuna kilichobaki. Hakuna mtu aliyejua alilala saa ngapi. Wakala chakula cha mchana kwa kunong'ona, sahani wakizishusha kama mayai. Alipoamka jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili, na uso wake umekunjuka kama wa msichana.

"Jumatatu mtume mtu chumbani kwangu," akasema. "Aje na kitanda changu. Mwenye nyumba apangishe wengine."

Binti akaja mbio. Akakaa karibu na mama yake, akamwegemea.

"Kitanda?" mkwe akauliza taratibu. "Kile cha hapa kina shida, Mama?"

"Kina shida? Baba, kile kimenivunja mgongo tangu siku ya kwanza. Na chai yenu haina sukari. Na mlango wa bafuni unagoma."

Mkwe akachomoa penseli iliyokuwa nyuma ya sikio, akavuta kipande cha boksi kilichofungia vioo.

"Ngoja niandike," akasema, akitabasamu. "Kitanda, chai, mlango. Endelea, Mama. Na mto?"

"Mto, ndiyo usiseme..."