Moto au Betri

Hilaire alipozimia mara ya tatu, alikuwa juu ya trela la lori la mbao, mashine ya kuchomelea ikinguruma, na mimi chini nikimshikia chuma. Aliporomoka hadi miguuni pangu. Nilipomvua kinyago, uso ulikuwa na rangi ya majivu. Dereva akaanza kusali. Mimi nilimpiga mume wangu makofi mpaka akafumbua macho, kisha nikamwambia kwamba kesho tunakwenda hospitali Kasese, atake asitake.

"Ni njaa tu, Mama Marlène," akasema.

"Njaa gani, na umemaliza sahani mbili za obundu wa muhogo?"

Bwera nzima, hapa mpakani mwa Uganda na Kongo, inamjua Hilaire. Alivuka mpaka pale Mpondwe akitoka Butembo, kijana mwenye mikono mitupu, na leo ni nadra kuona lori likipita hapa bila kovu la moto wake. Akikosa kazi siku moja tu, ananuna kama mtoto aliyenyimwa ziwa. Kwa hiyo nilijua mapema kwamba daktari angepata taabu naye.

Daktari wa moyo aliitwa Atuhaire, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi. Alimfunga Hilaire kipimo kifuani ashinde na kulala nacho, na tuliporudi kesho yake alitueleza bila kuzunguka. Moyo wake ulikuwa unapiga polepole mno, na mara nyingine unasimama kidogo kabla ya kuendelea. Ndiyo maana alikuwa anaanguka.

Njia zilikuwa mbili. Moja ni betri ya moyo: kidude kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua, na waya wake unaingia moyoni ili kuusukuma ukichelewa. Nyingine ni kuchoma: wanapitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, kisha wanaunguza mishipa ya fahamu inayouamuru moyo upunguze mwendo.

Hilaire karibu asimame. "Docteur, ile ya kuchoma! Mi niko soudeur wa chuma, moto mi naijua."

"Ngoja kwanza, mzee," daktari akasema, akiitazama mikono yake yenye makovu. "Betri ni kazi tumeizoea, na inasaidia watu wengi. Lakini mashine yako inaweza kuivuruga. Nikikuwekea betri, sitakuruhusu kuchomelea tena, na mashine ikiwaka utakaa mbali nayo."

"Unaona? Ya kuchoma."

"Hiyo bado ni njia mpya, itabidi niwatume nje ya nchi. Na haifai kila mtu. Kama mishipa ya fahamu ndiyo inaushika moyo, tukiichoma moyo utaachiliwa. Kama moyo wenyewe ndio umechoka, tutachoma bure na utaendelea kuanguka."

"Tutajua namna gani?" nikauliza.

"Kuna sindano. Dawa inainyamazisha hiyo mishipa kwa muda. Moyo ukikimbia, tutaongea habari ya kuchoma. Ukikataa, ni betri."

Hilaire akafumba macho. Nilijua anachoomba, kwa sababu nami nilikuwa naomba hicho hicho. Nilitaka mume aliye hai, lakini nilimtaka yule yule niliyemzoea, mwenye harufu ya chuma kilichoungua. Niliikasirikia nafsi yangu kwa kutaka vyote viwili.

Sindano ikaingia. Tukakodolea macho ile namba ya kijani kwenye kioo. Hilaire akasema kinywa kimekauka, daktari akaitikia kwamba hiyo ndiyo dawa inafanya kazi. Namba ikapanda kidogo, ikakwama.

"Kimbia," Hilaire akaunong'oneza moyo wake. "Kimbia, we!"

Daktari aliongeza dawa, akasubiri tena. Namba haikusogea. Akatikisa kichwa taratibu, na sikuwa na haja ya kuuliza.

Hilaire akaanza kutafuta shati lake. "Betri mi sitaki. Mutu bila kazi iko nini? Afazali nianguke na chuma ku mukono."

Hapo nikachemka. "Uanguke? Na mimi niko wapi ukianguka, si niko chini ya hilo trela? Nimekushikia chuma tangu Marlène ako mgongoni. Unafikiri miaka yote nilikuwa nimefumba macho?"

"Unataka kusema nini?"

"Utawekewa betri. Moto nitashika mimi."

Alinitazama, kisha akacheka, ingawa alikuwa dhaifu. "We? We unaogopa hata kuku!"

"Kuku naogopa kwa sababu sivai kinyago."

Daktari alikuwa ameshika simu. "Mzee, niwapigie Kampala wakuwekee betri, au nisipige?"

Hilaire alilirudisha shati kitini.

"Piga," akasema.

Kidonda cha betri kilipopona, kazi yangu ya kwanza ilikuwa uzio wa chuma katikati ya karakana yetu, wa kumzuia yeye. Alipima mwenyewe umbali alioambiwa na daktari, akaongeza kidogo, akachora mstari kwa chaki. Halafu akaenda kusimama upande wa pili, mbali, mikono nyuma.

"Washa," akaniamuru.

Nikashusha kinyago, nikawasha. Mshono wangu wa kwanza ulitoka kama mavi ya kuku, nikatamani kutupa kinyago chini. Yeye hakuweza kuuona kutoka kule, lakini sauti ya moto aliisikia.

"Unaenda mbio. Inapasuka-pasuka, unasikia? Polepole. Ingurume kama mafuta kwa kikaango. Ivi, ivi! Usiache!"

Nilikata, nikarudia, nikakata tena. Jua lilipokuwa kichwani, uzio ulikuwa umesimama kati yetu. Nikazima mashine, ndipo akasogea. Aliushika kwa mikono miwili, akautikisa kwa nguvu zake zote, kama alivyokuwa akitikisa kila kazi yake kabla ya kumpa mteja. Haukutikisika. Alibaki ameushikilia, machozi yakimtoka, na mimi pia.

"Imekaza," akasema. "Muite yule dereva wa trela ya mbao."