Mashua Iliyovutwa Mara Mbili

Kwetu Windward, kijiji cha kisiwani, hakuna mtu anayealikwa kwenye kushua mashua, kuiteremsha majini mara ya kwanza. Unapika. Moshi wa vyungu ukipanda juu ya mapaa, watu wanajua, wanavaa nguo za kazi, wanakuja. Nimezaliwa hapa, nina miaka arobaini na minne, na hilo nililijua kabla sijajua kuhesabu. Bado nilichapisha kadi za mwaliko.

Nina diploma ya uongozi wa biashara kutoka chuo cha St. George's, ng'ambo kule Grenada, kisiwa kikubwa jirani, na nilikuwa katibu wa Kamati ya Vijana kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa tayari kujaza fomu. Fomu zenyewe zilikuwa kurasa thelathini na moja. Mfuko wa Hargrove-Pell, watu wenye yoti na nyumba ya likizo upande wa pili wa kisiwa, walitaka kujua vijana wetu wanakosa nini. Nikawaandikia. Nikaomba mbao, zana, matanga na mshahara wa fundi mmoja, ili vijana kumi na wawili wajifunze kuunda mashua kama walivyounda babu zao. Tukapewa.

Ukurasa wa sita ulikuwa na masharti. Shughuli yoyote iliyobeba jina la Mfuko isiwe na pombe, isiwe na kuchinja wanyama hadharani, wala ibada ya mizimu. Niliyasoma yote. Nikajiambia mbao kwanza, mengine tutayaona mbele. Nikatia sahihi.

Binti yangu Kerlyn alikuwa na miaka kumi na mitano alipoanza, na kabla ya hapo kazi yake kubwa ilikuwa simu. Mwezi wa kwanza Mjomba Zephrin, fundi, alimpeleka mlimani na wenzake kukata mierezi myeupe ya mataruma, mbavu za mashua. Walikwenda mwezi ukififia, maana mti uliokatwa mwezi ukiwa mpevu huliwa na mdudu. Alirudi amechubuka mabega yote, akala sahani mbili, akalala na viatu. Tangu siku hiyo sikumwona tena na ile simu ila kupiga picha za mbao. Alijifunza kuchonga ubao kwa tezo. Alijifunza kutia kalafati, pamba na lami kila mwanya, mpaka nywele zikanuka lami na nikakata tamaa ya kuziosha. Mwaka wa pili Zephrin, ambaye hajawahi kumsifu mtu aliye hai, alisema mbele ya wenzake, "Huyu ndiye atashika usukani siku ya mashindano."

Mashindano yetu ni Jumatatu ya kwanza ya Agosti. Mashua zote za kisiwa zinashiriki, na haijawahi kutokea iliyoundwa na vijana, wala yenye msichana kwenye usukani. Kerlyn alikuwa haongei kingine. Ilibidi mashua ishuliwe Mei ili ipate miezi miwili ya majaribio. Wafadhili nao wangekuja Mei, Jumamosi ya tatu, saa nne asubuhi, kwa yoti. Mambo yote yalikaa sawa kwenye kalenda yangu.

Wiki tatu kabla, Zephrin alikuja ofisini kwangu bandarini akiwa na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi.

"Verna, siku ya kushua tunachinja nini?"

"Hatuchinji, Mjomba. Nimetia sahihi."

"Umetia sahihi kwa niaba ya nani?"

"Ya kamati."

"Na wafu wamo kwenye kamati?"

"Usinianzie. Mchungaji ataomba, watu watakula sandwichi, tutaivuta. Mashua ni mbao na misumari."

"Basi waambie sandwichi zivute," akasema, akaondoka bila kufunga mlango.

Jioni hiyo Kerlyn aliniletea hoja yake akiwa ameipanga kama wakili. Uani tulikuwa na kondoo dume, ambaye Kerlyn mwenyewe alimpa jina Waziri, kwa sababu anakula siku nzima na kutazama watu kwa dharau.

"Mama, Waziri si mali ya Mfuko. Ni wetu. Tukimchinja hapa uani, tukapika hapa, nani atasema?"

"Shughuli yoyote iliyobeba jina la Mfuko. Soma."

"Nimesoma. Na wewe unajua watu hawaji bila chungu."

"Watakuja. Nimechapisha kadi."

"Kadi," akasema.

"Kadi nzuri, zenye rangi. Kerlyn, hawa watu wametupa kila ubao ulioko pale ufukweni. Wanachoomba ni tusichinje kondoo mbele yao. Hilo ni gumu? Mwakani tutaomba tena, na baada ya hapo tena. Lazima mtu mmoja hapa awe na akili ya kesho."

"Sawa, Mama."

Hakubishana tena. Ningekuwa mama msikivu zaidi, hiyo "sawa" ningeiogopa.

Siku yenyewe ilipambazuka safi, bahari imetulia. Mashua ilisimama ufukweni juu ya gadi zake, zile nguzo zinazoiegemeza pande zote, imepakwa nyeupe na ukanda wa buluu. Kwenye mlingoti bendera ya jina ilikuwa imeviringwa na kufungwa kwa uzi. Jina la mashua hapa ni siri mpaka siku ya kushua. Analijua fundi, analijua mama wa ubatizo wa mashua aliyeishona bendera, basi. Mama wa ubatizo alikuwa Tanti Ursa, shangazi wa kila mtu hapa, na wa tatu aliyelijua ni Kerlyn, maana ndiye aliyelichagua. Mimi sikuambiwa, na hilo ni sawa, ndiyo desturi.

Watu walikuja. Niliwahesabu, walikuwa zaidi ya sitini, na moyo wangu ukatulia. Kisha nikawatazama tena. Wanaume walivaa mashati ya kanisani. Wanawake walivaa kofia. Walishika kadi zangu mkononi, wakakaa kwenye viti vya plastiki nilivyokodi, wakapokea maboksi ya sandwichi na juisi, wakakunja nne.

Wafadhili walishuka kwenye boti ndogo kutoka yoti yao. Meredith, aliyesimamia miradi, alikuwa mwanamke mpole mwenye kofia pana. Alinikumbatia. Vijana kumi na wawili walisimama mbele ya mashua na fulana zenye jina la Mfuko, wakapigwa picha. Mchungaji akaomba kwa ufupi. Halafu ukafika wakati wa kamba.

Kamba ilikuwa imelazwa mchangani, nene kama mkono wa mtoto, kutoka kwenye mashua hadi karibu na viti. Vijana wakaishika. Kumi na wawili. Mashua ile inahitaji watu hamsini, na wenye nguvu. Nikageukia viti.

"Jamani, tuvute."

Hakuna aliyeinuka. Nikamwendea binamu yangu Alban, mvuvi, mabega kama mlango wa kanisa.

"Alban, inuka."

"Mimi leo ni mgeni, Verna." Akanionyesha kadi. "Hapa umeandika 'mgeni wa heshima'. Umewahi kumwona mgeni wa heshima akishika kamba?"

"Usinifanyie mzaha."

"Na viatu ni vya kaka yangu. Vikiingia maji atanizika navyo."

Watu walicheka, lakini kile kicheko kilikuwa kifupi. Nikaona hata wale wasiojali utani hawakuitazama kamba. Wazee hasa walitazama pembeni, kama mtu anavyofanya akipita penye msiba asioalikwa. Nikamwendea Tanti Ursa.

"Tanti, waambie. Wewe watakusikiliza."

"Hawajala, mwanangu."

"Nani hajala? Kila mtu ana boksi."

"Sisemi walio kwenye viti."

Nilielewa vizuri sana. Mashua haishuki bila wafu, wenyewe wa zamani, kupewa sahani yao, nyama na ugali wa kuviringa na mbaazi, na tone la ramu mchangani. Anayevuta kamba kabla ya hapo anajivutia balaa nyumbani kwake. Siiamini hiyo habari. Lakini hata mimi, nilipoitazama ile kamba, mikono yangu ilibaki kwenye kalamu na karatasi.

Meredith alikuja kwa adabu. "Kuna tatizo?"

"Hakuna."

"Maana tuna ndege saa nane."

Kwenye barabara ya juu kulikuwa na katapila la mkandarasi wa mifereji, na dereva wake Lennard alikuwa kati ya wageni wangu, ameshamaliza sandwichi mbili. Hapa ndipo nataka ieleweke: hakuna aliyenishauri. Meredith hakusema. Niliamua mwenyewe, kwa sababu saa ilikuwa inakwenda na mimi ni mtu wa kumaliza mambo.

"Lennard, kalete mashine."

Zephrin alikuwa amesimama karibu na gadi na shoka lake. Desturi ni fundi azikate taratibu, mashua ijilaze ubavu juu ya magogo kama mtu anayelala, kisha ndiyo ivutwe. Aliliona katapila linashuka, akalitupa shoka mchangani.

"Mashua inalazwa. Haiburutwi kama ng'ombe aliyekufa."

"Mjomba, zikate tu, tafadhali."

"Kata wewe. Una sahihi."

Kerlyn aliachia kamba, akaja akasimama karibu nami kabisa. Hakupaza sauti. "Mama, usiiguse. Tusubiri. Hata wiki moja. Nakuomba."

"Wiki ijayo hawa hawapo. Bila picha ya mashua majini hakuna ripoti, bila ripoti hakuna mwakani."

"Sitaki mwakani. Nataka Agosti."

"Utaipata Agosti. Sogea."

Wasaidizi wawili wa Lennard waliziangusha gadi kwa nyundo. Mashua ikalala kwa kishindo. Wakafunga mnyororo, katapila likavuta. Ilisogea vizuri hatua kumi hivi, na watu wa yoti wakapiga makofi. Kisha omo, pua ya mashua, ikateleza kutoka kwenye magogo, mkuku, ule uti wa mgongo wa chini, ukaingia kati ya mawe mawili, na Lennard, ambaye hakuwa akiona chochote huko nyuma, akaendelea kukanyaga mafuta. Tulisikia. Ilikuwa sauti ndogo tu, kama mtu anayevunja mhogo. Kisha ikateremka, ikaingia majini, ikaelea.

Picha zilipigwa. Ni nzuri, ukiziona huwezi kujua. Meredith alinikumbatia tena, machozi yakimlenga. Nilimngoja Tanti Ursa aifungue bendera. Alikuwa ameishusha mlingotini mapema ikiwa bado imeviringwa, ameiweka kwapani, anakwenda zake nyumbani.

Yoti ilikuwa haijavuka mlango wa mwamba mashua ilipoanza kuinamia upande mmoja. Zephrin aliingia majini na nguo zake, akapapasa chini, akatoka.

"Mkuku umevunjika. Na ubao wa pembeni yake."

"Unatengenezeka?"

"Ubao unatengenezeka. Mkuku ukivunjika hiyo si mashua tena. Ni kuni." Alimwambia Kerlyn, si mimi. Kerlyn aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa bei dukani. Mashua ilikaa chini kwenye maji ya kiunoni, na maji yakaja hadi kwenye ukanda wa buluu.

Jumatatu alfajiri nilimtoa Waziri uani, nikamwita Alban amchinje. Sikumuuliza mtu. Nilipika nyama, nikasonga ugali na mbaazi, nikauviringa. Sahani ya kwanza niliiweka mezani ndani, nikafunga mlango, nikamwaga ramu kidogo kizingitini huku nikijisikia mpumbavu. Moshi ulipanda juu ya paa.

Walikuja. Kutoka kila nyumba, na suruali zilizokatwa magotini, bila viatu, hata wa kijiji cha pili. Walikuwa zaidi ya mia. Walikula, wakaingia majini, wakafunga kamba, na mtu akaanzisha wimbo wa kuvuta, ule ule wa siku za kushua, maana hatuna mwingine. Mashua ikatoka baharini ikimwaga maji kama kikapu, ikapanda ufukweni hadi kwenye uwanja wa Zephrin. Haikuchukua hata nusu saa. Nilivuta nami. Kerlyn alikuwa mbele kabisa kwenye kamba, na hakugeuka mpaka ilipokaa.

"Ungenipa huyu kondoo mwezi uliopita," akasema.

Nikaokota kamba, nikaanza kuikunja.

Meredith aliandika wiki hiyo hiyo. Bodi ilifurahishwa sana na picha. Mwakani wangependa kutuletea boti sita za plastiki zilizokwisha kutengenezwa kiwandani, vijana wasipoteze miaka miwili kwenye ujenzi. Aliomba ripoti tu. Nikakaa nayo mezani. Vijana waliofunzwa: kumi na wawili. Kweli. Mashua iliyoundwa: moja. Kweli. Imeshuliwa majini: ndiyo. Hilo nalo lilikuwa kweli, kwa kama dakika ishirini. Kisha kulikuwa na mstari: jina la chombo.

Tanti Ursa alikataa kuniambia. Zephrin hakunifungulia mlango. Nikamwendea Kerlyn jikoni, alikuwa anavaa sare yake mpya ya hoteli, anakwenda zamu ya kwanza ya kutandika vitanda.

"Wanataka jina la mashua," nikasema. "Kwa ripoti tu."

Alimaliza vifungo vyote kwanza.

"Andika Waziri," akasema, akatoka.

Nikaandika.