Sungura wa Dobi, Buibui wa Mpishi

Mwalimu alifika darasani akiwa hoi. Asubuhi alifundisha watoto, mchana akampeleka mama mkwe wake kliniki, na jioni hiyo alikuwa na wafanyakazi wa hospitali waliotaka kujua Kiingereza. Darasa lenyewe lilikuwa kantini yao. Meza zilikuwa bado na majimaji ya kitambaa cha kufutia, na chumba kizima kilinuka dawa ya kusafishia sakafu.

Waliokuja walikuwa watatu tu: dobi, mpishi, na mama wa usafi waliyembandika jina Kimya. Kila mmoja alitoka nchi yake, na hakuna aliyejua lugha ya mwenzake.

Somo lilikuwa kununua tiketi ya treni. Dobi alisoma kama mtu anayetafuna mchanga. Mpishi akapiga mwayo, mwayo ukamwambukiza Mwalimu, na hapo akaishiwa nguvu kabisa. Akafunga kitabu.

"Jamani, nimechoka. Leo nihadithieni nyinyi. Hadithi ya kwenu, mliyosimuliwa utotoni. Kwa Kiingereza, hata kikichechemea."

Wakatazamana. Dobi akajitosa, mikono yake iliyochujuka kwa sabuni ikihangaika hewani.

"Sungura anaiba maji kisimani. Wanyama wanatengeneza mtu wa... wa..." Neno likakwama. Akashika meza, akajifanya mkono umeganda.

"Gundi!" mpishi akadakia. "Lakini si sungura, ni buibui! Tena hakuiba maji, aliiba maharage. Alinasa, kisha akaponyoka."

"Sungura!"

"Buibui! Bibi yangu aliniambia!"

"Bibi yako alikudanganya!"

Mwalimu alitaka kuwaamua, akaona hata mkono haunyanyuki. Akawaacha. Ndipo masikio yakamzibuka: ule wakati uliopita aliowabembeleza wautumie muhula mzima, sasa ulikuwa unawatoka wenyewe. Aliiba, alinasa, alidanganya.

"Kwetu hakuponyoka," sauti ikasema.

Wote wakageuka. Tangu ajiunge, Kimya hakuwahi kufungua mdomo mpaka aulizwe.

"Kwetu ni mbweha. Alinasa. Mama yake alikuja. Akamvuta, akamvuta. Na yeye akanasa." Akatafuta maneno mezani, hakuyaona. "Wakakaa hapo. Imekwisha."

"Imekwisha vipi?" mpishi akang'aka. "Hadithi gani hiyo?"

"Mama yangu alikuwa anachoka. Akichoka, anaimaliza hivyo, tulale."

Dobi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kiwiko. Mwalimu naye alicheka, kicheko kilichomuumiza mbavu, kisha akawakumbuka wanawe na jinsi alivyokuwa akiwarukia kurasa za hadithi usiku akichoka.

"Na siku ambayo hakuchoka?" dobi akauliza. "Iliishaje?"

Kimya akasukuma kiti nyuma. "Siku hiyo sikuiona," akasema, akainuka kurudi wodini.

Wiki iliyofuata msimamizi wa masomo alitaka kujua wamefika ukurasa gani. Mwalimu hakumficha. Msimamizi akaguna, akasema mtihani unatoka kitabuni, si kwa mabibi zao. Basi wakagawana kipindi: nusu kitabu, nusu hadithi. Mwalimu aliendelea kufika akijikokota, na kitabu kiliendelea kuwalaza. Ila ikifika nusu ya pili, mpishi alisogeza kiti, dobi akakunja mikono ya sare yake tayari kwa ubishi, na Kimya, bila kuulizwa, akasema: "Leo naanza mimi."